Paneli Zinazohama Mapaa

Paneli iliyoipa Kenya jina katika ulimwengu wa sola ingeweza kubebwa kwapani. Upana wake ulikuwa futi moja na urefu futi tatu, kioo chake cha rangi ya kahawia inayokaribia zambarau, na nguvu yake wati 12 hivi, au 14 kwa aliyeongeza pesa kidogo. Mwalimu aliyekuja Nairobi mwisho wa mwezi, miaka ya 1990, aliinunua katikati ya jiji, akaifunga kwa magazeti na kamba, akapanda nayo matatu na kufika Embu au Kisii kabla ya giza. Ilichaji betri, betri ikawasha taa mbili na televisheni ndogo isiyo na rangi, na majirani wakajaa sebuleni kutazama taarifa ya habari ya KBC.

Hakuna aliyeuliza wakati huo paneli itakwenda wapi ikichoka. Siku hizi swali hilo huulizwa katika kumbi zenye viyoyozi kana kwamba limezaliwa jana, ilhali Nairobi imekuwa ikilijibu kwa miaka arobaini, kupitia mafundi na madalali ambao hakuna ripoti inayowataja. Jibu lao lina kasoro, tena nyingine za hatari. Lakini lilitangulia sheria, viwanda na mikataba, na anayetaka kujua paneli za leo zitaishia wapi hana budi kuanzia hapo.

Kabla ya paneli ilikuwapo betri. Familia nyingi zisizo na umeme zilikuwa na televisheni kabla hazijasikia habari za sola, na ziliiendesha kwa betri ya gari iliyobebwa kwa baiskeli hadi kituo cha petroli au sokoni kuchajiwa. Betri iliyoshindwa kuwasha injini asubuhi ya baridi ya Julai bado ilikuwa na uhai wa kutosha kwa televisheni ya volti 12. Kwa hiyo sola ilipofika ilikuta watu waliokwisha kuzoea kupokea kitu kilichoshindwa kazi moja na kukipa nyingine. Hata betri zilizouzwa baadaye na viwanda vya humu nchini kwa jina la betri za sola zilikuwa ndugu wa karibu sana wa betri za gari.

Mwaka 1984 shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, upande wa Mlima Kenya, ilihitaji taa za madarasani na jenereta ya dizeli ndiyo iliyokuwa ikifikiriwa. Mark Hankins, Mmarekani aliyekuwa akifundisha huko kwa kujitolea chini ya Peace Corps, alimjua mwenzake Harold Burris, mhandisi aliyekuwa ameanza kuuza paneli nchini. Wawili hao waliushawishi uongozi wa shule kufunga sola badala ya jenereta. Shule za jirani zikaja kuona, zikataka zao.

Jambo lililodumu zaidi kuliko taa zenyewe lilikuwa mafunzo. Burris, ambaye biashara yake aliiita Solar Shamba, aliwafundisha vijana wa maeneo hayo kupima, kufunga waya na kutunza betri. Wengine walifungua kazi zao wenyewe na wengine wakachukuliwa na waagizaji wa Nairobi. Hankins naye alianzisha Energy Alternatives Africa jijini na kuandika vitabu vya mwongozo kwa mafundi. Wateja walikuwa wakulima wa kahawa na chai, walimu, wenye maduka: watu wenye kipato kidogo cha uhakika na wasio na matumaini ya kuona nguzo ya umeme karibuni. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba zaidi ya 100,000 zilikuwa na sola, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa pesa taslimu na wenye nyumba wenyewe. Profesa Daniel Kammen, aliyechunguza soko hilo pamoja na Richard Acker, aliliita mapinduzi ya kimyakimya.

Hizo paneli za kahawia zilitoka Kroatia, Ufaransa na Uingereza, na zilikuwa za silikoni isiyo ya fuwele: utando mwembamba sana uliopakwa moja kwa moja kwenye kioo. Zilikuwa rahisi, na urahisi huo ulikuwa na gharama yake. Wanasayansi Staebler na Wronski walikuwa wameonyesha tangu 1977 kwamba silikoni ya aina hiyo hupoteza sehemu ya nguvu yake ikianza kuota jua, kisha hutulia. Mnunuzi hakuambiwa hivyo. Aliona tu kwamba televisheni iliyokuwa ikimaliza filamu mwezi wa kwanza sasa inazimika katikati, na akamlaumu fundi. Mara nyingine lawama ilikuwa na mahali pake. Mwaka 1999 Arne Jacobson, Richard Duke na Kammen walipopima paneli zilizokuwa zikiuzwa nchini walikuta aina nyingi zinakaribia kilichoandikwa, lakini moja ikitoa pungufu sana. Matokeo yalitangazwa, na mtengenezaji huyo akalazimika kurekebisha bidhaa yake. Miaka michache baadaye paneli mbovu za mtengenezaji mwingine zikaingia sokoni, na upimaji ukarudiwa. Ndipo viwango vya ubora vikaanza kuchukuliwa kwa uzito.

Paneli iliyofifia ilikwenda wapi? Kwa kawaida ilihama paa. Wati nane hazitoshi televisheni, lakini kwa redio na taa moja ni neema. Mwenye kununua kubwa zaidi alimpa ndogo mama mzazi, au aliiuza kijijini, au aliirudisha Nairobi kwa fundi aliyeunganisha dhaifu mbili sambamba ili zifanye kazi ya moja nzima. Ilipopasuka kioo, hata hivyo, hadithi iliishia hapo. Utando uko kwenye kioo chenyewe. Maji yakipenya, huanza kuliwa kutoka pembeni kama karatasi iliyolowa, na hakuna dawa. Ndani yake hakukuwa na seli ya kung'oa wala waya wa maana wa shaba. Fremu iliuzwa. Kioo kilikwenda shimoni nyuma ya nyumba au, kwa walio jijini, kwenye lori la taka liendalo jalala la Dandora.

Betri ndiyo iliyokuwa na soko tangu siku ya kwanza, kwa sababu risasi hununuliwa kwa kilo. Paneli huweza kuota jua miaka 20, lakini betri ya asidi iliyotumiwa vibaya huweza kufa kwa miaka miwili au mitatu, kwa hiyo paa moja huzalisha betri kuukuu kadhaa kabla paneli haijachoka. Kiwanda cha betri kikiziyeyusha kwa utaratibu, huo ni urejelezaji wa kupigiwa mfano. Kisipofuata utaratibu, mambo huwa kama ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiyeyushio kilichofanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014 kiliacha sumu ya risasi kwenye damu ya watoto na wazee. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho kabla ya kugeuka mpinzani wake mkuu, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliopita ngazi za rufaa kwa miaka mingine. Kila anayesema kwa wepesi kwamba taka za sola ni suala la siku zijazo angeanzia pwani hiyo. Betri za sola za bara na betri za magari ya Nairobi zote ni chakula cha soko hilohilo la risasi.

Katikati ya jiji, biashara ya sola iliota pale ilipokuwapo biashara ya redio na spea. Luthuli Avenue ilikuwa mtaa wa spika, runinga na waya. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wakongwe bado huiita Grogan, ilikuwa ya vipuri vya magari, pamoja na betri. River Road iko jirani. Mtu anaweza kushuka matatu, akanunua paneli, kontrola, waya, betri na balbu, akala mahali, na kupanda gari la kwao bila kuvuka zaidi ya barabara tatu. Ukaribu huo ndio uliofanya ukarabati uwezekane. Fundi anayekosa diodi kwa paneli huipata kwa jirani anayefungua amplifaya.

Kazi yenyewe si ya ajabu lakini inataka jicho. Paneli kuukuu ikifika, fundi huitazama kwanza kwa mgongo: karatasi nyeupe ya nyuma ikiwa na ufa au vipovu, bei huanza kushuka hapo hapo. Kisha huigeuza, huangalia alama za kahawia zinazopita kama njia za konokono juu ya seli. Baada ya hapo huitoa upande wa barabara unaopigwa na jua, maana majengo ya Luthuli hufunika nusu ya mtaa kwa kivuli, na kuweka multimita kwenye vituo viwili vya nyuma. Paneli ya seli 36 iliyo nzima husoma volti 21 au 22 bila mzigo. Volti peke yake hudanganya. Paneli iliyokufa nusu huweza kuonyesha volti nzuri na isiweze kusukuma kitu. Kwa hiyo huhamisha waya na kupima mkondo. Ikiwa mkondo ni mdogo mno, hufungua kile kisanduku cheusi cha nyuma, na mara nyingi kosa liko humo: diodi iliyoungua, lehemu iliyoachia, kutu iliyoingia na mvua. Diodi mpya, lehemu kidogo, silikoni ya kuziba, na paneli iliyokuwa njiani kuwa takataka huegemezwa ukutani ikiwa na bei.

Kuna siri moja ya soko hili ambayo wengi wa wanaoandika kuhusu taka hawaioni. Paneli kuukuu ya seli 36 hupendwa kwa sababu inachaji betri ya volti 12 moja kwa moja kupitia kontrola ya bei ya chini. Paneli kubwa za sasa zinazofungwa kwenye mapaa ya maduka na nyumba za kifahari hutoa volti 40 na zaidi. Ukiiunganisha moja ya hizo na kontrola ya kawaida na betri ya volti 12, zaidi ya nusu ya nguvu hupotea bure. Kwa hiyo paneli mpya zikizeeka hazitashuka ngazi kwa urahisi kama zilivyoshuka dada zao wakubwa: atakayezirithi atahitaji kontrola ghali zaidi, au inverta, au fundi mwerevu.

Wakati huo huo upande wa magharibi wa jiji ulikuwa ukiandaa sola ya namna nyingine kabisa. M-Pesa ilianza 2007. iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, kikafunguliwa Ngong Road 2010. Na mwaka 2012 M-KOPA ikazindua mpango wa kuuza sola kwa mkopo unaolipwa kidogo kidogo kwa simu, takriban shilingi 50 kwa siku kwa mwaka mzima. Paneli ilikuwa ya wati nane tu, lakini taa zilikuwa za LED, na wati nane za sasa zilifanya kazi ya 14 za zamani. Nyumba mamia kwa maelfu zikaunganishwa. Kifaa kina laini ya simu ndani, na asiyelipa huzimiwa taa kutoka mbali.

Hapo ndipo fundi wa Luthuli alipofungiwa mlango. Sanduku la mkopo halikukusudiwa kufunguliwa na mtu yeyote isipokuwa mwenyewe aliyeliuza. Plagi zake si za kawaida, betri yake ya lithiamu imefichwa, na kulifungua ni kupoteza dhamana. Kampuni zilichukua jukumu la kurudisha vilivyoharibika na kuvitengeneza upya, na kwa vilivyo ndani ya dhamana mpango huo una maana. Shida ni baada ya dhamana. Jamie Cross na Declan Murray wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walipofuatilia vifaa vilivyoharibika huko Bomet, katika utafiti uliochapishwa 2018, walikuta vingi havijatupwa wala kurejelezwa. Vilikuwa vimehifadhiwa majumbani, vikisubiri fundi, spea au bahati, na mafundi wa redio na simu sokoni walikuwa wakivifufua kwa vipande vya vingine. Watafiti hao walishirikiana na wenzao kubuni taa ya sola inayoweza kufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida. Kuwa hilo lilihesabika kuwa jambo jipya kunasema mengi kuhusu taa zilizotangulia.

Gigiri ina historia yake katika jambo hili, na ina kejeli kidogo. Ni huko, kwenye makao ya Umoja wa Mataifa, ambako mwishoni mwa 2006 nchi wanachama wa Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka za hatari kati ya nchi, zilipitisha Azimio la Nairobi kuhusu taka za kielektroniki. Kompyuta kuukuu zilizokuwa zikimwagwa Afrika kwa jina la misaada ndizo zilizokuwa akilini mwa wengi. Miaka minne na ushei baadaye, Machi 2011, Katibu Mkuu Ban Ki-moon na Rais Mwai Kibaki walifungua papo hapo Gigiri jengo jipya la ofisi lenye mita za mraba 6,000 za paneli juu yake, nguvu yake ikiwa kilowati 515. Chuo Kikuu cha Strathmore, Madaraka, kikafuata 2014 na kilowati 600 juu ya mapaa yake. Paneli hudhaminiwa kwa kawaida miaka 25. Mwenye kalamu anaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Hesabu hiyo lakini inadanganya kwa upande mmoja. Paneli nyingi Nairobi hazisubiri miaka 25. Kinachozizeesha ni bei: mwaka 2008 wati moja ya paneli katika soko la dunia iligharimu dola kadhaa, kufikia 2024 ilikuwa chini ya senti 20, kwa nguvu ya viwanda vya China. Mwenye nyumba Lavington au Karen aliyefunga paneli za wati 250 muongo mmoja uliopita, na ambaye baada ya giza la nchi nzima la Agosti 2023 aliamua hataki tena kutegemea waya wa Kenya Power peke yake, hana nafasi ya ziada juu ya paa. Zinazouzwa sasa hufika wati 550. Ni nafuu kwake kuzishusha nzima zilizo hai kuliko kutafuta paa la pili. Hata kodi haikuwa kizuizi cha kudumu: VAT iliwekwa juu ya sola 2020 na kuondolewa mwaka uliofuata.

Paneli zilizoshushwa huteremka ngazi. Kutoka Lavington hadi Kawangware ni mwendo wa miguu. Kutoka Westlands hadi Kangemi ni matatu moja. Mtunza bustani, askari wa lango au fundi aliyefunga mpya huwa wa kwanza kuulizwa kama anazitaka. Paneli ya wati 250 iliyobaki na wati 200 inatosha kinyozi, duka la kuchaji simu, au pampu ndogo ya maji shambani Kinangop. Hapa soko la mitumba linafanya kile ambacho kiwanda chochote cha urejelezaji kingeona fahari kukifanya: linaongeza miaka 10 kwenye uhai wa kitu bila kukiyeyusha.

Lina upande wake mchafu pia. Paneli za taa za barabarani huibwa, na paneli iliyoibwa haina alama usoni. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 ilitaka wanunuzi wawe na leseni na waandike wanachonunua na kwa nani, lakini ilihitaji nguzo za umeme kuanguka na nchi kuzama gizani Januari 2022 ndipo Rais Uhuru Kenyatta apige marufuku biashara nzima. Marufuku ilidumu hadi Mei. Kwa miezi hiyo fremu za alumini na waya wa shaba, vitu viwili pekee kwenye paneli iliyovunjika ambavyo mnunuzi wa vyuma huvitaka, havikuwa na bei halali.

Sheria nyingine zimefika kwa mwendo wa kobe. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa mwongozo wa taka za kielektroniki 2010. Kituo cha WEEE, kilichochipuka kutoka Computers for Schools Kenya, kimekuwa kikibomoa kompyuta na vifaa vingine upande wa Embakasi, yaani ng'ambo ya jiji kwa mtu wa Kangemi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ilipita 2022, na kanuni zake za 2024 zinamtaka anayeingiza bidhaa nchini agharimie mwisho wake. Tangu Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zozote za kielektroniki haziwezi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kukubali. Huo ni ushindi juu ya wamwagaji taka, na ni ugumu kwa Kenya ikitaka kusafirisha paneli zilizokufa kwenda kwenye viwanda maalumu vya Ulaya.

Kanuni ya muagizaji kulipa inafaa kwa televisheni inayonunuliwa mara moja na kufa katika nyumba hiyo hiyo. Paneli iliyopita mikono minne, ikabadilishwa diodi Luthuli, ikatolewa fremu na kuwekwa ya mbao Kawangware, ina muagizaji ambaye huenda alifunga duka zamani. Ikifa, uzito wake wa kilo 18 hivi hugawanyika vibaya. Fremu na waya huondoka na mnunuzi wa vyuma siku ile ile. Seli zimegandishwa kati ya plastiki na kioo, na fedha iliyomo ni kidogo kiasi kwamba hailipi bila kiwanda kinachokusanya maelfu ya paneli. Kinachosalia ni kioo, kilo 12 au 13, ambacho kwa nadharia ndicho rahisi zaidi. Nairobi ina tanuri la chupa Kasarani tangu miaka ya 1980, na hupokea vioo vilivyovunjika. Lakini kioo cha sola huwekwa antimoni ili kipitishe mwanga vizuri, na watengenezaji wa chupa za vinywaji huihofia. Ulaya kioo hicho kimekuwa kikigeuzwa sufi ya kuzuia joto kwenye kuta za nyumba, bidhaa ambayo fundi mwashi wa Nairobi, kwa hali ya hewa aliyopewa, hajawahi kuihitaji.